Sanduku la Gia na Mnunuzi wa Lori Jipya

Tarehe 15 Aprili 1925 kampuni ya Ford ilianza kuuza katika Marekani gari dogo la mizigo kwa bei ya dola 281. Upande wa mbele lilikuwa motokaa ile ile ya Ford iliyojulikana kwa herufi T, na upande wa nyuma lilifungwa sanduku la bati la kuchukulia mizigo. Kabla ya siku hiyo mkulima aliyetamani chombo cha namna hiyo alinunua motokaa, akaikata mgongo, akaipigilia mbao mwenyewe au akamwita seremala. Sasa aliweza kukikuta dukani kimekwisha kamilika. Huyu ndiye babu wa malori madogo ambayo watu wa leo huyaita pikapu. Mnunuzi wake alipewa pia sanduku jingine, dogo, lililofichwa chini ya makanyagio ya miguu, na historia ya sanduku hilo la pili ni historia ya ugomvi mrefu baina ya watu wanaonunua magari mapya na watu wanaoyauza.

Injini ya petroli ina aibu moja ambayo injini ya mvuke haina: ikizunguka polepole haina nguvu, na ikilemewa na mzigo huzimika. Haiwezi kuanza mwendo kama ng'ombe anavyoinamisha shingo akavuta jembe. Ni lazima iachwe izunguke mbio, na baina yake na magurudumu ya gari yawekwe magurudumu mengine ya meno, yatakayogeuza mbio zile kuwa nguvu wakati wa kuondoka na wakati wa kupanda mlima, kisha yalirudishie gari mbio zake lifikapo tambarare. Magurudumu hayo ya meno ndiyo gia. Madereva wa Afrika ya Mashariki walilipokea neno hilo pamoja na klachi, breki na rivasi, wakaliingiza katika lugha hata likazaa misemo. Katika mwaka wa uchaguzi wa 2015 Tanzania nzima ilikuwa ikizungumza habari za watu waliobadili gia angani. Usemi huo una ukweli mwingi kuliko wengi wa wasemaji wake walivyodhani, kwa maana kwa miaka mingi kubadili gia kulikuwa jambo la hatari lililofanywa katika nafasi tupu baina ya jino na jino.

Gia za Ford T zilikwepa hatari hiyo. Zilikuwa za mfano wa sayari: gurudumu moja katikati, na mengine madogo yakilizunguka huku yakijizungusha yenyewe, kama dunia na ndugu zake wanavyolizunguka jua. Meno yake hayakuachana hata mara moja, basi hayakuweza kugongana. Kilichobadili mwendo ni mikanda mitatu ya chuma, iliyotandikwa kitambaa cha pamba kwa ndani, iliyozunguka ngoma tatu. Dereva alipokanyaga, mkanda uliikaba ngoma yake, ngoma ikasimama, na gari likabadili mwendo. Kanyagio la kushoto likikanyagwa mpaka chini, gari lilikwenda kwa gia ndogo. Likiachwa nusu, gari lilikuwa frii. Likiachwa kabisa, gari lilishika gia kubwa. Kanyagio la kati lilikuwa la kurudi nyuma, na la kulia lilikuwa breki. Gia za kwenda mbele zilikuwa 2 tu. Mtu aliyezoea motokaa ya namna nyingine akipanda Ford hiyo alikuwa kama mtoto, kwa sababu miguu yake ilikuwa imefundishwa vingine. Bali mtu ambaye hajapata kuendesha kitu isipokuwa farasi alijifunza upesi. Na watu wa namna hiyo ndio walioinunua. Tangu Oktoba 1908 hata mwaka 1927 zilitengenezwa zaidi ya milioni 15.

Taabu zake zilikuwa nyingi, na hazikungoja gari lizeeke. Asubuhi ya baridi oili iliganda baina ya sahani za klachi ikazishikanisha. Mwenye gari alipokuwa mbele akizungusha hendeli, gari lilianza kutambaa kumwendea kama mbwa aliyemwona bwana wake. Dawa ilikuwa kuliinua gurudumu moja la nyuma kwa jeki kabla ya kuwasha injini. Katika mlima mrefu dereva alilazimika kulikandamiza kanyagio la kushoto tangu bondeni hata kileleni, na akilegeza kidogo gia ndogo iliachia. Ikiwa petroli imepungua katika tangi, haikuweza kuteremka kufika kwenye injini hali gari limeinua pua, kwa kuwa hapakuwa na pampu ya kuisukuma. Basi watu waligeuza magari yao wakapanda mlima kinyumenyume. Kitambaa cha pamba kilichakaa, nyuzi zake zikaweza kuziba kibomba cha oili. Breki ya mguu nayo ilikuwa ndani ya sanduku hilo hilo, hivyo aliyepuuza mikanda yake alikuwa amepuuza uhai wake.

Uko ugonjwa mmoja unaostahili kukumbukwa, kwa sababu utarudi baadaye katika habari hii. Mkanda haukuikaba ngoma kwa utulivu sikuzote. Ulishika ukaachia, ukashika ukaachia, mara nyingi katika nukta moja, na gari zima likatetemeka hata abiria wakauma ulimi. Wafanyi biashara wa mafuta waliona faida hapo. Katika miaka ya 1920 ziliuzwa oili zilizotengenezwa mahsusi kwa Ford, zikisifiwa kwamba zinaondoa mtetemo huo. Sifa hizo hazikuwa uongo mtupu, maana mafuta ya wanyama yakitiwa kidogo katika oili hulainisha mshiko wa kitambaa juu ya chuma.

Mwenye lori aliyeona kasoro hizi alifanya nini? Alifungua kifuniko. Juu ya sanduku la gia palikuwa na kifuniko kilichofungwa kwa skrubu chache. Alikiondoa, akaiona mikanda kwa macho yake, akakaza nati. Kubadili kitambaa kulikuwa kazi ngumu zaidi, na aliyeangusha nati ndani alijuta siku nzima, lakini kazi hiyo ilifanyika uani, kwa vyombo ambavyo mkulima alikuwa navyo. Kitabu kilichotolewa na kiwanda kilimweleza jinsi ya kufanya, tena kwa maswali na majibu, kama mwalimu anavyofundisha darasani. Waliotaka gia zaidi walinunua ekseli ya Ruckstell, yenye mwendo wa pili ndani yake, nayo iliuzwa na mawakala wa Ford wenyewe. Si haki kuitukuza hali hiyo kupita kiasi. Mtu hanunui lori jipya ili alale chini yake, na waliovunjwa mikono na hendeli wangaliona heri ya kutoa dola nyingine kadha wapate lori lisilosumbua. Lakini jambo moja lilikuwa wazi. Gari lilipotetemeka, hakuna wakala aliyeweza kumwambia mwenye gari kwamba halitetemeki. Kasoro ilikuwa na shahidi, na shahidi huyo alikuwa mnunuzi mwenyewe.

Mwezi wa Desemba 1927 Ford ilileta gari jipya la herufi A, na gia zake zikawa za kuteleza, 3 za kwenda mbele. Gia za namna hii zilikuwa za zamani. Mfaransa Émile Levassor alizitumia katika magari yake katika miaka ya 1890, na watengenezaji wengi wa magari walikuwa wamekwisha kumfuata. Gurudumu la meno huteleza juu ya mhimili wake mpaka meno yake yaingie katika meno ya jirani yake. Ikiwa mbio za magurudumu hayo mawili zalingana, huingia kama kidole katika pete. Zisipolingana, hutoka kelele ya kusaga mawe, na pengine jino hukatika. Mkulima aliyeendesha Ford T kwa miaka 10, akanunua lori jipya la A, alilitoa dukani likilia, akadhani ameuziwa bovu. Lori halikuwa na ubovu wowote. Ilimpasa ajifunze kukanyaga klachi mara mbili: akanyage, atoe gia mpaka frii, aachie klachi, asikilize injini, apunguze au aongeze mbio zake kwa kadiri, akanyage tena, ndipo aingize. Mtu aliyekuwa akishuka kutoka gia kubwa kwenda ndogo katikati ya mlima, hali mzigo unamvuta nyuma, alikuwa na nafasi ya pumzi moja kufanya hayo yote. Akikosea alibaki hana gia kabisa. Madereva wa malori ya zamani katika Afrika ya Mashariki walikuwa na ustadi huo na walijivunia, na utingo aliyeketi karibu nao alijifunza kwa sikio kabla hajaruhusiwa kugusa usukani.

Walakini ustadi ambao mmoja hujivunia humchosha mwingine, na viwanda vilikuwa vikitafuta wanunuzi miongoni mwa waliochoka. Mhandisi Mmarekani, Earl Thompson, alibuni mapete madogo yenye umbo la faneli iingiayo ndani ya faneli. Mapete hayo husuguana kabla ya meno kukutana, yakayalazimisha magurudumu mawili yawe na mbio moja. Kampuni ya Cadillac iliyaweka katika magari yake mwaka 1928. Kazi iliyokuwa ya sikio la dereva ikawa ya pete.

Thompson hakuishia hapo. Katika miaka ya 1930, pamoja na wenzake ndani ya General Motors, alitafuta sanduku litakaloondoa hata kanyagio la klachi. Mwaka 1939 walilitangaza, na likauzwa kwa jina la Hydra-Matic katika magari ya Oldsmobile ya mwaka 1940, kwa nyongeza ya dola 57. Kazi yake yaweza kuelezwa hivi. Yawazwe mapangaboi mawili yanayotazamana ndani ya chungu kilichojaa oili. La kwanza likizungushwa na injini huisukuma oili, na oili hulizungusha la pili, ambalo hupeleka mwendo kwenye magurudumu. Gari likisimama, la pili husimama na la kwanza huendelea kuzunguka, na injini haizimiki. Nyuma ya chungu hicho zilipangwa gia 4. Mtu aliyeikumbuka Ford T angalizitambua mara moja: ni zile zile za mfano wa sayari, na ngoma zake, na mikanda yake. Tofauti ilikuwa kwamba mkanda haukukazwa tena kwa mguu wa mtu. Ulikazwa kwa msukumo wa oili, iliyopitishwa katika njia nyembamba nyingi kama vichochoro vya mji wa kale, ikifunguliwa na kufungwa na vilango vidogo vya chuma ambavyo dereva hakuviona wala hakuvijua majina.

Vita vilikitangaza chombo hiki kuliko magazeti. Vifaru vyepesi vya Marekani vya M5 vilikuwa na injini mbili za Cadillac kila kimoja, na kila injini ilikuwa na Hydra-Matic yake. Baada ya mwaka 1945 kiwanda kiliweza kusema kwamba sanduku hili limekwisha kupimwa vitani. Watu wakalitaka mno. Hata tarehe 12 Agosti 1953, kiwanda kilichoyatengeneza masanduku hayo huko Livonia, katika jimbo la Michigan, kilipoteketea kwa moto ulioanzishwa na cheche za mafundi waliokuwa wakikata chuma, magari ya aina nyingine kadha yalikosa gia. Baadhi ya Cadillac na Oldsmobile za mwaka huo zilikwenda sokoni na gia za Buick. Kampuni ilihamia katika jengo la Willow Run, lililotumika wakati wa vita kuundia ndege, na katika muda wa miezi michache masanduku yakaanza kutoka tena. Mwaka uliofuata, 1954, mnunuzi wa pikapu ya Chevrolet aliweza kwa mara ya kwanza kuagiza Hydra-Matic katika lori lake. Ndivyo mkulima alivyoondolewa klachi.

Aliondolewa na kifuniko. Hakuna sheria iliyomkataza kulifungua sanduku jipya, ila alipolifungua aliona vilango, springi na vijia ambavyo havikumweleza kitu. Uhai wote wa chombo ulikuwa ndani ya oili, na oili ilikuwa siri ya wataalamu. Ni nani kati ya waliopakia nyasi kavu huko Iowa aliyejua kwamba gia zake zinategemea nyangumi? Mafuta ya yule nyangumi mwenye kichwa kikubwa cha mraba, azamaye chini kuliko wengi wa wenziwe, yalitiwa katika oili ya gia kwa miaka mingi kwa kuwa yaliufanya mshiko uwe laini bila ya kuupoteza, kazi ile ile waliyoitafuta wauzaji wa oili za Ford. Mwaka 1970 Marekani ilimwandika nyangumi huyo katika orodha ya wanyama walio katika hatari ya kutoweka. Wanakemia wakalazimika kutafuta badala yake, na oili za kwanza za badala zilikuwa na kasoro: zilishambulia risasi iliyounganishia mirija ya kupozea gia ndani ya rejeta. Nyangumi alistahili kuokolewa. Aliyelipa sehemu ya gharama ni mwenye gari aliyeambiwa kuwa gia zimekufa, asijue kwa nini.

Kwa muda mrefu sheria haikumsaidia. Lori jipya liliuzwa pamoja na dhamana, na dhamana iliandikwa na muuzaji. Kesi iliyoifungua njia haikuhusu gia bali usukani, lakini ni vigumu kuieleza habari ya gia bila ya kuitaja. Mwezi wa Mei 1955 mtu mmoja katika jimbo la New Jersey alimnunulia mkewe motokaa mpya ya Plymouth kwa sikukuu ya akina mama. Gari halijatimiza maili 500, usukani ulizunguka wenyewe mikononi mwa mama huyo likapiga ukuta. Karatasi ya mauzo ilisema, kwa herufi ndogo, kuwa kampuni italipa kipande kibovu tu, katika siku 90 au maili 4,000, na kwamba dhamana hiyo ndiyo pekee na inaziondoa nyingine zote. Mwaka 1960 Mahakama Kuu ya New Jersey, katika hukumu ijulikanayo kwa jina la Henningsen, ilikataa kuyatii maneno hayo. Hoja ya majaji ilikuwa kwamba mnunuzi hakuwa na nafasi ya kujadili masharti, kwa kuwa kampuni kubwa zote zilitumia karatasi ya namna moja. Akikataa hapa, atakutana nayo kule. Waswahili wangalisema alikuwa ameuziwa mbuzi kwenye gunia, na soko zima lilikuwa la magunia.

Hukumu hiyo ilimfaa aliyeumia. Aliyekuwa na lori lenye kutetemeka au kukawia kuingiza gia, lakini hajaumia, hakuona tofauti kubwa. Alilirudisha kwa wakala, likakaa siku tatu, akaambiwa limepona, akalirudisha tena. Mwaka 1975 bunge la Marekani lilitunga sheria ya dhamana iitwayo Magnuson-Moss, iliyodai dhamana ziandikwe kwa lugha ya kueleweka. Ilikuwa sheria njema, lakini yenye dhamana ya kueleweka aliweza bado kuchoshwa na safari za gereji.

Katika miaka hiyo hiyo lilikuwapo jambo la kutisha zaidi. Watu wengi walilalamika kwamba magari ya Ford yenye gia za kujibadili yenyewe, yakiachwa injini inanguruma na mkono wa gia umewekwa mahali pa kuegesha, huteleza yakaingia rivasi na kurudi nyuma bila ya dereva. Malalamiko yalikuwa maelfu, na yalitajwa majeruhi na vifo. Kampuni ilishikilia kwamba madereva hawakuusukuma mkono wa gia mpaka mwisho. Hapa unaonekana ule mgogoro katika sura yake iliyo wazi kabisa: pande zote mbili zilizungumza habari za nafasi ndogo sana ndani ya sanduku lililofungwa, na aliyekuwapo tukio lilipotokea pengine alikuwa maiti. Mwisho wa Desemba 1980 serikali iliafikiana na kampuni. Magari hayakuitwa yarudi kutengenezwa. Wenye magari yapatayo milioni 23, motokaa na malori mepesi pamoja, walipelekewa kwa posta kipande cha karatasi chenye gundi, wakibandike mbele ya dereva, kimkumbushe kuhakikisha gia imeingia, kukaza breki ya mkono na kuzima injini. Yamkini katika historia yote ya ufundi wa magari hapajakuwa na matengenezo ya bei ndogo kuliko hayo.

Mwaka 1982 jimbo la Connecticut lilitunga sheria ya namna nyingine. Wamarekani huliita gari jipya lisilotengenezeka limau, pengine kwa kuwa mtu huliuma akitazamia utamu. Basi sheria hiyo ikaitwa sheria ya malimau, na majimbo mengine yakaiga. Ubora wake ni kwamba iliacha kuuliza kuna nini ndani ya sanduku. Ilihesabu. Kama kasoro ile ile imetengenezwa mara 4 na haijaondoka, au gari limekaa kwa fundi siku 30 kwa jumla katika muda wa mwanzo uliowekwa, na kasoro hiyo inapunguza sana matumizi, usalama au thamani ya gari, kampuni ilibadili gari au irudishe fedha. Mnunuzi asiyeweza kuyaona meno ya gia aliweza kuzionyesha karatasi za gereji zenye tarehe. Zile karatasi zikawa macho yake. Ila kulikuwa na mlango mmoja uliobaki wazi: wakala aliyeandika kwamba hakuona kasoro, kwamba lori linafanya kazi kama lilivyokusudiwa, alikuwa hakuandika tengenezo, na hesabu haikusonga.

Mlango huo ulipata maana kubwa gia zilipoongezeka. Baada ya mgogoro wa mafuta wa 1973, sheria ya mwaka 1975 ilianza kuvibana viwanda kuhusu petroli inayotumiwa na magari yao. Yale mapangaboi mawili katika oili hupoteza nguvu, kwa sababu la pili haliwezi kulifikia la kwanza kabisa, na tofauti yao hugeuka joto. Chrysler katika magari yake ya 1978 iliweka ndani ya chungu klachi ya kuyafunga pamoja gari likiwa mbioni, fikira ambayo Packard ilikuwa imekwisha kuitumia mwaka 1949. Kisha gia zikazidi, ili injini izunguke sikuzote kwa kadiri inayofaa: 4, kisha 6, kisha 8. Mwaka 2013 Ford na General Motors, mahasimu wa miaka 100, walikubaliana kuunda pamoja sanduku la gia 10, na pikapu ya Ford F-150 ililipata kwa mwaka wa 2017. Vilango vya oili sasa vinaamriwa na kompyuta, na kompyuta hiyo huitazama desturi ya dereva ikajirekebisha. Mwenye lori jipya linaloshtuka baina ya gia ya pili na ya tatu huweza kuambiwa aliendeshe kwa maili mia kadha, kwa sababu lori bado linajifunza. Katika malori mengi ya leo hamna hata kijiti cha kupimia oili ya gia.

Na klachi ile ndani ya chungu haifungwi kabisa sikuzote. Ili kuokoa petroli bila ya kumfanya dereva auhisi mngurumo wa injini, kompyuta huiacha iteleze kidogo, imeshika na haijashika. Fundi wa mwaka 1925 angalijua mara moja nini hutokea kwa kitu kinachoshika nusu. Kuanzia magari ya mwaka 2015, wanunuzi wengi wa pikapu na magari mengine ya General Motors yenye gia 8 walisema kwamba magari yao hutetemeka kama yanayopita juu ya matuta madogo madogo ya barabara, na kwamba hushtuka yakibadili gia. Wengine walidai waliambiwa na mawakala kuwa ndiyo kawaida yake. Kampuni ilitoa maagizo kwa mafundi wake mara kadha, na hatimaye dawa ya mtetemo iliyoagizwa ikawa ile ya zamani: kuiondoa oili yote na kutia oili ya namna nyingine. Katika maelezo yaliyofika mahakamani, oili ya awali ilisemwa kuwa inavuta unyevu wa hewa, na unyevu ukaharibu mshiko.

Mwaka 2019 wenye magari hayo walifungua kesi katika mahakama ya serikali kuu jimboni Michigan. Madai yao yalikuwa kwamba kampuni iliijua kasoro na ikaendelea kuuza, kampuni ilikanusha. Mwaka 2023 jaji aliwaruhusu wanunuzi wa majimbo 26 washtaki kwa pamoja, na magari yaliyohusika yalipata 800,000. Kampuni ikakata rufaa. Mwezi wa Juni 2025 majaji wa mahakama ya rufaa, wakiwa wameketi wote, waliitengua ruhusa hiyo na kuirudisha kesi chini. Waliona kwamba sheria za majimbo hazilingani, na kwamba mtetemo si kitu kimoja na mshtuko wa gia, wala lori lililotetemeka si sawa na lori ambalo halijatetemeka bado. Kwa hiyo swali la kama walalamikaji wanaweza kusimama pamoja lilirudi mikononi mwa jaji wa Michigan, na mwenye lori aliyetaka kujua ameuziwa nini alibaki, kwa wakati huo, na lori lake mwenyewe na karatasi zake za gereji.